Kuna Anayesikiliza? Maisha ya Baba Pacha, Fundi wa Mtandao

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Baba Pacha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1977 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, chumba cha tatu kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake, huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye tangu Jumamosi hajatia kitu kinywani. Mama anasema mtoto alichelewa kulia. Mkunga akampiga kofi, akalia mara mbili, kisha akanyamaza kama anayengoja kuona nani ataitika. Huenda mama ametia chumvi, lakini leo nani atambishia?

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani, kisha sekondari ya kutwa ng'ambo ya reli, na mwaka 2000 akahitimu chuo cha ufundi katika fani ya mawasiliano. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa mtu wa kufungua vitu. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya nyumbani, akashindwa kuifunga, na kwa mwezi mzima baba alisikiliza habari dirishani kwa jirani, amenuna. Aliyechapwa ni mdogo wake, huyu anayewasomea sasa, kwa sababu ndiye aliyekutwa na bisibisi mkononi. Kaka mtu akamwambia, "Pole, bwana mdogo. Ungekimbia." Ndio msaada wote aliopata.

Mwaka 2003 aliajiriwa na chuo cha uuguzi, kitengo cha mtandao, akafanya kazi humo mpaka alipougua. Ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, na ndani yake kabati la ruta, zile mashine za kuongoza njia za mtandao, lililovuma kutwa na feni moja iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Kazi aliyojivunia kuliko zote ni ya mwaka 2016. Chuo kilitaka somo la vitendo la ukumbi mkuu lionekane moja kwa moja katika madarasa ya majengo yote matatu. Mkuu wa idara alidhani ni kuwasha kamera tu, basi. Siku ya kwanza kila kompyuta ilivuta nakala yake peke yake, mtandao ukazidiwa, picha ikaganda mwalimu akiwa amefumba macho na sindano mkononi. Ilikaa hivyo mpaka saa ya chakula.

Ndipo marehemu alipojifungia chini ya ngazi. Akasimika kwenye ruta programu ndogo inayofanya kazi kimya kimya nyuma ya pazia: inapokea picha moja tu, inaigawa pale njia zinapogawanyika, na kuipeleka kwenye vyumba vilivyoiomba tu. Aliandika mipangilio yake mstari kwa mstari, mlango huu ufunguliwe, ule ufungwe. Na alikosea pia. Kila kipande cha picha hupewa umri kinapoondoka, na kila ruta inayokipitisha hukipunguzia. Umri ukiisha, kinafia njiani. Jengo la tatu halikuona kitu siku nzima, na yeye anahangaika kubadilisha kebo. Jioni alifika nyumbani anacheka mpaka machozi, akamwambia mkewe: "Mama Pacha, kebo haina neno. Umri wake niliuandika mfupi mimi mwenyewe!" Nyumba nzima ikacheka naye. Siku hizi hadithi hiyo haitajwi nyumbani, na mkimsikia mtu akianza kuisimulia, tafadhali mnyamazisheni.

Kitu alichokipenda zaidi ni kwamba programu ile ina tabia ya kuuliza. Kila baada ya muda huuliza kila chumba: kuna anayesikiliza? Kompyuta moja ikijibu kwamba ipo, inatosha kwa chumba kizima. Nyingine zikisikia mwenzao amejibu, hunyamaza, zisijaze njia kelele. Asipojibu yeyote, matangazo hukatwa. "Hainung'uniki wala hailalamiki," alikuwa akisema. "Inakata tu."

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na Mama Pacha, fundi cherehani, aliyekutana naye alipopeleka suruali ipunguzwe. Aliirudisha ipunguzwe tena, na tena, mpaka binti wa watu akamwambia, "Kaka, sema unachotaka, maana hii sasa ni kaptula." Mwaka 2008 wakajaliwa pacha, msichana na mvulana. Na baada ya ile kazi ya 2016, pacha wakiwa na miaka minane, marehemu akaileta kazi yake nyumbani. Kila jioni alisimama mlangoni, akagonga mara mbili kwa pete yake ya ndoa, akauliza, "Kuna anayesikiliza?" Watoto wakija mbio wote wawili wanapiga kelele "Tupo!", aliwarudisha. "Mmoja tu! Ukisikia mwenzako amejibu, nyamaza. Mnataka kuziba njia?"

"Wewe mwanamume," Mama Pacha alimwambia, "hii ni nyumba, si kabati lako la chini ya ngazi."

Lakini naye alizoea. Miaka ikapita, nyumba nzima ikawa hivyo: mmoja akijibu, wengine kimya.

Januari 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Alisema ni vumbi la feni. Aprili daktari akasema ni saratani ya koo, na Juni wakamfanyia upasuaji uliookoa muda kidogo na kuondoka na sauti yote. Jamani, yule mtu alipenda kusema! Alikaa kitandani akifungua mdomo, kisha akiufunga tena, anatutazama kama tuliomwibia. Kwa muda aliandika kwenye simu. Baadaye vidole vikaishiwa nguvu, akabaki na ile pete. Kidole kilipokonda ikawa inachomoka, Mama Pacha akaizungushia uzi wa cherehani ndani ili isianguke. Aligonga chuma cha kitanda mara mbili, na popote ulipokuwa, jikoni, uani, bafuni, ulijibu "Tupo!" Akisikia hivyo alifumba macho na kutulia. Neno la mwisho aliloweza kumwandikia mkewe lilikuwa hili: "Usiache niulize bure."

Mama Pacha aliusoma ujumbe huo kwa sauti. "Nikuache uulize bure?" akasema. "Labda nitangulie mimi kufa."

Aliaga dunia nyumbani, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, asubuhi, watu wote wakiwa macho. Mama Pacha alikuwa jikoni anachuja uji, kwa maana mgonjwa alikuwa hamezi chenye chembe. Pacha walikuwa sebuleni wanakunja nguo. Mdogo wake alikuwa uani anafunga mtungi wa gesi. Marehemu aligonga mara mbili. Mama Pacha alisikia, na akasikia nyayo za binti yake kwenye korido; akajua mtoto atajibu. Binti alikuwa anapeleka mashuka kabatini, na mama yake yuko karibu zaidi. Akajua mama amejibu. Mvulana alijua dada yake amekwenda. Na mdogo wake huko uani alijua nyumba ina watu watatu, yeye wa nini? Marehemu akagonga tena; kila mmoja akadhani aliyekwenda hajafika tu. Halafu akagonga mara ya mwisho, taratibu, kisha kukawa kimya. Katika nyumba ile kimya kilikuwa na maana moja tu, kwamba ameshajibiwa. Kila mmoja akaendelea na kazi yake, roho imetulia.

Mama Pacha aliingia na bakuli la uji. Mkono wa mumewe ulikuwa umeshika chuma cha kitanda, pete imekigusa, na macho yanatazama mlango.

Daktari ameieleza familia zaidi ya mara moja kwamba kujibu kusingebadilisha kitu. Watu wazima, kwa nia njema, wamemwambia Mama Pacha apige moyo konde. Jana alipokuwa anashona kitambaa cha jeneza alisimamisha cherehani, akamwambia shemeji yake, "Nyote mnaniambia kusingemponya. Nani alisema alikuwa anaomba kupona? Aliuliza kama tupo, shemeji. Na tulikuwepo wote." Tangu siku ile Mama Pacha anaitikia kila mlio: mlango ukipigwa na upepo, kijiko kikigonga sufuria, anasema "Tupo!" Pacha nao wanajibu pamoja naye, wote kwa wakati mmoja, na hakuna tena wa kuwaambia wanaziba njia. Familia haina faraja ya kuwapa, na haitajifanya inayo.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, mdogo wake mmoja, na ruta za majengo matatu ya chuo, ambazo wenzake wa kazi wanasema mpaka asubuhi hii zinauliza na zinajibiwa.

Mama Pacha ana ombi moja, na mdogo wa marehemu ameapa litatimizwa. Kabla jeneza halijashushwa, pete hii itagongwa juu yake mara mbili. Tunawaomba wote mjibu. Msimtegee mwenzenu, msisikilize jirani yenu amesema nini, wala asiwepo wa kunyamaza kwa kudhani sauti moja inatosha. Tunajua tumechelewa. Tunajua matangazo yamekatwa na hayarudi. Jibuni hivyo hivyo, kwa sauti, kila mtu kwa kinywa chake.

Baba Pacha, pumzika sasa kwa amani. Tupo.