Muuguzi Aliyeuliza Nani Alimwondoa Mnyama

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wetu wa chumba namba nne, chumba cha walioumwa na wanyama, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa wengi hawalijui jina lake la kwenye cheti. Wao humwita Dada Robo Saa, jina alilolipata kwa jasho lake, au tuseme kwa jasho la wagonjwa.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba, akaanzia wodi ya wazazi. Chumba namba nne alikabidhiwa katika mwaka wake wa tisa, kikiwa bado stoo ya magodoro. Ni yeye aliyedai bomba livutwe hadi ndani, kwa hoja rahisi: virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama, na mate huoshwa. Aliyeumwa huanza na maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, ndipo zifuate sindano. Akatundika saa juu ya sinki, na hakuna aliyebanduka pale kabla mshale haujatembea robo. Mchinjaji mmoja, pande la mtu, aliyeumwa na paka, alilalamika kwamba amekuja kutibiwa, si kufua. Dada alimjibu kwamba nguo chafu haijawahi kumuua mtu, akamwongezea sabuni.

Waliokuja wamepaka majivu, mafuta ya taa au dawa ya meno hawakukaripiwa. Walioshwa, wakaelezwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikianza mapema na kukamilishwa, karibu kila mtu huokoka. Ndiyo maana Dada aliogopa kidonda kidogo kuliko kikubwa. Kikubwa hujileta chenyewe hospitalini.

Kwa hofu hiyo alizua swali lake. Kila aliyeumwa aliulizwa: nani alimwondoa mnyama? Kwa maana anayemvuta mbwa shingoni naye huambulia alama ya jino, ila hajihesabu kuwa ameumwa.

Miaka sita iliyopita, Dada akiwa likizo, alikuja tarishi aliyeumwa pajani na mbwa wa nyumbani kwake mwenyewe. Tulimtibu vizuri, tukamwandikia tarehe za kurudi. Lile swali hatukumuuliza. Aliporudi kwa sindano ya pili, siku tatu baadaye, alimkuta Dada kazini, akampa habari kwamba mbwa alianza kutokwa na udenda na jana yake akafa. Dada akauliza swali lake. Tarishi akasema aliyemvuta mbwa ni mama mkwe, lakini mama hakuumwa, alikwaruzwa kidole tu. Dada hakungoja maneno zaidi. Alimwita dereva.

Mama mkwe walimkuta anaanika nguo, kidole kimefungwa kitambaa. Alikataa katakata. Alisema jino limempitia tu, kidonda kimeshakauka, na isitoshe hawezi kukaa benchi moja na mkwewe na kufunua bega mbele yake. Hoja mbili za kwanza Dada alizijibu kwa elimu. Ya tatu aliijibu kwa adabu: mama akakaa mbele na dereva, mkwe akakaa nyuma akitazama dirishani, na walipofika, mkwe akapewa kazi ya kushika mlango kwa nje.

Ndani, kidole kilioshwa, tena kwa saa ile ile ya ukutani. Kikachomwa kinga iliyo tayari, inayomlinda mtu wakati mwili unajifunza kutengeneza ya kwake. Kisha chanjo begani. Hadi nje ya mlango yalisikika malalamiko marefu ya mama kuhusu watu wasiomstahi mtu mzima aliyezaa sita bila kulia.

Wiki iliyofuata maabara ya mifugo ilithibitisha kwamba mbwa alikuwa na kichaa. Mama alikuwa ameshachomwa sindano ya pili. Sisi tuliokuwa zamu siku ya kwanza hatukushusha pumzi mpaka alipomaliza zote nne. Dada hakuridhika hata hapo. Kwa mwaka mzima alimpitia mama kila mwezi, akisingizia kwamba njia yake ni ile, hadi siku mama alipomwambia aache kupita njia, aje kama mgeni.

Swali lile leo limechapwa kwenye fomu yetu, mstari wa tatu, na limekwisha kuwaleta watu kumi na saba ambao wasingekuja.

Dada yetu, ahsante kwa kutufundisha kumtafuta asiyejihesabu. Tunakuombea umri mrefu, mwili wenye afya na nyumba yenye kicheko. Wageni wengine wa sherehe ya kumuaga waarifiwe kwamba kiti cha kwanza, safu ya mbele, kina mwenyewe: mama mkwe wa tarishi ametuma salamu kwamba anakuja, ana miaka sabini na minne, na hahitaji kushikwa mkono.