Wimbi Lililopinda

Mbele ya kibanda cha fundi redio kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kamba, na wanaolikalia kila asubuhi wanagombea nafasi zao kana kwamba wamerithishwa. Mwenye kibanda wanamwita Sikio. Zamani alikuwa akiinamia redio mbovu, anasikiliza inavyokoroma, kisha anautaja ugonjwa hata kabla hajashika bisibisi. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye Profesa, na dereva wa lori aliyestaafu ndiye Breki. Tangu Sikio alipopata mashine ya kuchora mawimbi, mtumba wenye kioo cha kijani, benchi liligeuzwa likaelekea ndani, watu wakawa wanakunywa kahawa huku macho yakiwa kwenye kioo.

Siku zile mgonjwa wao alikuwa redio ya zahanati ya mlimani. Huko simu hazishiki, na redio hiyo ndiyo ya kuitia gari la wagonjwa. Ililetwa ikiwa bubu. Sikio akagundua kwamba kristali yake imekufa, yaani kale kajiwe kadogo ndani ya kopo la bati, kanakotetema bila kubadilika ili redio isipotee njia hewani. Akafunga mpya siku ileile. Lakini kila alipogusisha waya wa kupimia kwenye mguu wa kristali, wimbi lililopaswa kuwa laini lilitoka limepinda, kichwa kimebapa upande mmoja. Akabadilisha kapasita, akachomelea upya, akatia kristali nyingine tena. Wapi! Na aliyemfundisha kazi alimwapisha jambo moja: redio ambayo wimbi lake halijanyooka haitamkiwi neno hewani, maana itaingilia njia za wenzake. Kwa hiyo hakuthubutu hata mara moja kubonyeza kitufe cha kusemea.

Benchi halikukosa dawa. Breki alisema ni baridi ya mlimani imeingia kwenye jiwe, liwekwe juani. Likawekwa, lisipone. Profesa akasema jiwe lolote lina kwao. Hilo limechimbwa mbali, linalia upweke. Breki, asiyekubali kushindwa kwa uongo, akaigeukia nguzo ya umeme iliyo mbele ya duka la kinyozi, akadai inazinyonya redio pumzi, ndiyo maana hata nywele za wateja wa Profesa hazilali.

— Usibabaike, Sikio, akamalizia. Kawia ufike.

— Na mwenye pupa hadiriki kula tamu, Profesa akaongeza, akijimiminia kahawa.

Sikio alizipenda methali hizo kupita kiasi, kwa sababu zilimwondolea aibu. Watu wa mlimani walimwamini, naye aliona heshima yao ni kuwapa kazi iliyonyooka.

Asubuhi moja akaja mama mkunga wa zahanati yenyewe, vumbi mpaka magotini. Wakampisha benchi, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kahawa aliyopewa aliishika tu. Sikio akaanza kumweleza habari za wimbi, akamwonyesha kioo, akamwomba radhi kwamba kazi bado.

— Juzi tumempoteza mama mmoja, alisema mkunga. Damu haikukatika. Tulimtuma mtu wa pikipiki kufuata gari. Gari lilipofika, tulikuwa tumeshamfunika. Mtoto yupo.

Profesa aliitua kahawa yake chini.

Mkunga akaiangalia redio na waya uliokuwa umeng'ang'ania tumboni mwake.

— Hebu niondolee huo waya, mwanangu, nijaribu kuita.

Sikio alitaka kumweleza habari ya kiapo. Akaona haya. Akauondoa, akaunga antena ya juu ya paa, akampa kinasa sauti. Mkunga akabonyeza, akaita kituo cha magari ya wagonjwa kama alivyozoea miaka yote.

— Zahanati ya mlimani, tunakusikia vizuri sana, sauti ya mwanamume ikajibu. Mlikuwa wapi?

Mkono wa Sikio ukaenda wenyewe, ukaurudisha waya kwenye mguu wa kristali. Yule mtu alikuwa bado anaongea. Sauti yake ikayumba, ikazama. Akauondoa waya. Sauti ikarudi, safi. Mashine ilikuja bila waya wake wa kupimia, naye akajitengenezea wa kwake kwa kipande cha waya wa antena ya televisheni, mzito, mrefu. Huo ndio uliokuwa ukikaelemea kale kajiwe kila alipokatazama. Redio haikuwa na ugonjwa ila pale ilipopimwa.

Aliwaeleza hivyo, kwa maneno machache, bila kumtazama mtu. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

— Kwa hiyo ilipona lini?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akaitazama birika, akainua kifuniko chake, akakirudisha. Sikio alilijua jibu, siku na hata saa, siku ileile aliyofunga kristali ya kwanza, kabla ya hiyo juzi.

Mkunga akaifunga redio kwenye kanga, akaipakata. Alisimama kidogo mlangoni, akingoja, kama mtu mwenye adabu anavyongoja mwenzake amalize kutafuna.

— Sikuulizi kwa ubaya, mwanangu. Mume wa marehemu yuko pale barabarani, ndiye aliyenisindikiza. Ataniuliza.