Damu ya Mtoto wa Ndugu

Kabanda, shemasi wa kanisa, alikosa mbele ya Mungu. Shemeji yake Olga, mjane wa ndugu yake, alimpigia simu kutoka hospitali huko Mbarara aende kumtolea mtoto damu. Yeye akajibu kwamba malaria imemlaza. Kumbe yuko kwenye benchi la kahawa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mzima kama ng'ombe wa Isingiro. Mtoto huyo, Nathalie, alizaliwa na mshipa karibu na moyo ambao haukujifunga. Daktari wa kupasua vifua alikuwa amefika, ila hashiki kisu kabla damu haijapatikana.

— Minakuambia, bale badaktari banatoa moyo, banaweka mu sahani, alisema Appolinaire, mmoja wa wenzake wa benchi. Walimwita Docteur, kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali Uvira.

— Na roho inabakia wapi? akauliza Patient, ambaye kijiweni huitwa Mheshimiwa.

— Inangojea ku dirisha.

— Uongo! Banaziba tu mushipa, sawa fundi wa baiskeli.

— We, moyo ni baiskeli? Yesu anakaa mule! Ukifungua, anatoka.

— Atarudia. Haraka haraka haina baraka.

— Mheshimiwa, ile methali inaingia fasi gani?

— Fasi yote. Kunywa.

Kabanda alicheka nao. Hakuogopa kisu wala sindano. Aliogopa kipimo. Damu hupimwa ukimwi kwanza, na tangu miezi ile aliyochimba dhahabu Misisi, mbali na mkewe, hakutaka damu yake iulizwe kitu.

— Tena ile damu banauzishia batajiri ba Kampala, Docteur akaongeza.

— Ndiyo maana Shemasi hakuenda! Ana akili mingi huyu.

Sifa hiyo ilimuwasha Kabanda kuliko tangawizi ya kahawa.

Teksi ikasimama. Akashuka Olga, kitenge kimekunjamana kwa kulala sakafuni.

— Karibu, mama Nathalie! Tunamuombea sana mtoto wetu, alisema Mheshimiwa.

— Aksanti. Daktari anaenda zake kesho. Nani kati yenu atakuja kutoa damu?

Mheshimiwa akakumbuka mbuzi wake. Docteur akachungulia kikombe.

— Mungu ataleta muujiza, mama, akasema Docteur.

— Alishaleta. Iko Mbarara, imevaa glavu, inangojea.

Olga akamgeukia Kabanda. Habari ya malaria hakuigusa.

— Shemeji, gari inangojea. Simama, twende.