Krismasi ya Kaptula

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, Darlene alikaa kwenye basi la jiji la Milwaukee, kaskazini mwa Marekani, nyuma ya wazee wawili wasiojuana, akajifanya anasoma simu. Bibi mwenye kofia ya sufu alikuwa akilalamika kwamba mwanawe anataka ahamie kwake Florida.

"Kule watu wanakula Krismasi wamevaa kaptula," alisema. "Zamani hapa theluji ilikuwa inanifika kifuani, na maziwa yanayoletwa asubuhi yanaganda mlangoni."

"Ulikuwa mfupi wewe, mama," mzee akamjibu. "Na sidhani kama uliwahi kushika beleshi."

"Alishika marehemu mume wangu. Alikuwa anazoa theluji huku anaimba, majirani wanatuchukia."

Darlene akauma mdomo asicheke.

"Sasa nani anakuzolea?" mzee akauliza.

Bibi akatazama nje, ambako theluji ilikuwa inazidi. "Mwanangu naye kaniuliza hivyo hivyo. Ndiyo maana naona nitakwenda."

"Nenda kwa kuwa unampenda mwanao. Usiende kwa kukimbia theluji."

"Nampenda sana. Lakini na nyumba yangu naipenda."

Basi likasimama. Bibi akainuka, na mzee naye akainuka, akampa mkono wa kushikilia.

"Mzee Clifford," dereva akauliza, "wewe si unashukia sokoni?"

"Leo nashuka hapa. Mama huyu hajanishinda kwa ubishi bado."

Mlango ukafungwa. Darlene akafuta ukungu kwenye kioo, akawaona wakienda taratibu, wameshikana mikono, wakibishana.