Bwana Mselem Anaiweka Chini Pembe ya Serikali

Bwana Mselem Madi, mpiga mbiu wa serikali hapa Amu, anastaafu mwisho wa mwezi huu wa Disemba 1958, baada ya miaka thalathini na moja ya kupita mitaani na pembe ya nyati. Bomani wamenitaka mimi, Bi Tima, niandike maneno machache, kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi siku nyingi: yeye njiani, mimi ndani. Yeye akishatangaza, mimi huingia nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanawake waliokuwa jikoni wasisikie. Elimu yangu ni ya chuoni, ya Kurani tu, basi mtanisamehe nikienda huku nikarudi kule.

Kazi yake ina utaratibu. Husimama penye pembe ya njia, hupiga mbiu kwanza, hungoja watu wanyamaze, kisha husema, "Sikizani, wa yuu na wa tini!" Neno hulisema kwa wa chini, wanaume waliokaa barazani, halafu huinua uso kwenye madirisha yetu ya juu, amefumba macho kwa heshima, akalirudia polepole kwa ajili yetu. Macho hayo hajayafumbua hata siku moja. Jirani yangu Bi Hindu alipata kumjaribu, akamwangushia asumini kichwani. Bwana Mselem akasema vile vile, macho yamefumbwa, "Kuna bibi ameangusha asumini. Serikali haina habari nayo." Mtaa mzima wa Mkomani ulicheka mpaka magharibi.

Ana mengi, lakini mimi nikimtaja Bwana Mselem huukumbuka mwaka 1952.

Mwanzo wa mwaka ule alikufa Mfalme wa Waingereza. Bwana Mselem akaambiwa atangaze kifo, na kwamba bendera itashushwa nusu mlingoti. Basi. Sasa hapa kwetu tanzia haijaisha mpaka itajwe nyumba ya matanga. Yeye akaona hawezi kumwacha maiti wa watu bila nyumba, akamalizia mwenyewe, "Matanga ni bomani." Alasiri ile tukajaa barazani kwa Bwana DC, tumevaa mabuibui, tumechukua mabirika ya kahawa. Mkewe alitoka akatutazama, asijue atufanye nini. Tukamkalisha mkekani, Bi Hindu akamshika mkono. Yule mama akalia kweli kweli. Baadaye tukasikia alikuwa hajamwona mamake miaka.

Karani Abdulghafur wa bomani alikuja juu. "Mselem, nani aliyekwambia habari za matanga?"

"Kwani, Karani, maiti mkubwa vile hana nyumba?"

Hapo tulicheka. Oktoba hatukucheka. Bwana Mselem alipita na habari ya Hali ya Hatari: bara kuna fujo, mikutano haina ruhusa, wasafiri watakaguliwa. Mwanangu Jeilani alikuwa Nairobi akishona kanzu, na kutoka siku ile sikupata habari yake, si kwa mtu wala kwa chombo. Tangu hapo pembe ikawa ikilia nafunga dirisha. Pembe ni ya amri na ya msiba. Haijapata kumletea mama mwanawe. Nikawa kila nyumba niingiayo, kabla ya kusema nililotumwa, nauliza habari za Nairobi. Bi Hindu akanitania, "Tima, wewe watangaza au wapeleleza?" Nikalia, naye akalia pamoja nami.

 Kisha niliona kwamba Bwana Mselem hapigi tena pembe chini ya dirisha langu. Alikuwa akienda kuipigia kule mbele, karibu na msikiti, sauti inifikie imepungua.

Ukaingia Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Kila mwaka Jeilani hurudi kwa Maulidi, na mwaka ule watu walikuwa hawajui hata kama Maulidi yatasomwa. Asubuhi moja ruhusa ikatoka, Bwana Mselem akatumwa aitangaze. Alipopita gatini akaona wasafiri waliovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, askari wamewazuia wakiwahoji. Katikati yao, kofia mkononi, Jeilani.

Ilimpasa atangaze Maulidi kwanza. Hakufanya hivyo. Alikuja mbio, mtu mzima yule, mpaka chini ya dirisha langu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akatanguliza neno pembe ikiwa bado kwapani:

"Bi Tima! Mwanao yuko! Yuko gatini, yu mzima!"

Alingoja. Niliposema "Alhamdulillahi" akasikia, ndipo akaipiga pembe. Akaipiga kama wapigavyo watu wa harusi. Mimi nilishuka ngazi sijui nimevaa nini. Nikamkuta mwanangu amekonda, lakini ni yeye.

Karani alimwita. "Mbiu ya serikali imekuwa ya mambo ya watu?"

"Nyinyi mlipofiwa niliipiga. Bi Tima amefufukiwa, nisiipige?"

Alinyang'anywa pembe mpaka Maulidi yaishe. Basi ile habari ya ruhusa niliitangaza mimi, ndani kwa ndani, na wanaume wa Amu mwaka ule walipata habari ya Maulidi kwa wake zao. Dufu zilipigwa, Jeilani akaimba mpaka sauti ikamkauka. Bwana Mselem alikaa mkekani mikono mitupu, na sikuwahi kumwona na furaha vile.

Alkhamisi baada ya laasiri ataikabidhi pembe bomani, arudi kwake kwa miguu kupitia Mkomani. Bwana Mselem, nakuandikia sasa ili usishtuke, kama ulivyonitangulizia mimi neno. Nimeshapita nyumba kwa nyumba. Utakapofika penye ile pembe ya njia, utasikia vigelegele kutoka kila dirisha, vya wanawake uliowasemesha miaka yote hii bila ya kuwaona. Usijibu kitu. Wewe fumba macho yako usikize.

Ahsante, ndugu yangu. Mungu akupe uzee wa raha, na kila habari itakayofika mlangoni kwako iwe ya heri.