Mashine Inakuja Kesho

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani. Asubuhi ile tulikuwepo Fundi mwenyewe, Koplo, ambaye hakuwahi kuwa askari bali mlinzi wa ghala, mimi, na Majaruba, mkulima wa mpunga. Majaruba alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Wanawake waliokuwa wakimpandia kila msimu wameajiriwa kiwandani, waliobaki magoti yamewakataa, na zamu yake ya maji ilikuwa ya siku tatu tu. Asipopanda ndani ya siku hizo, shamba litalala tupu hadi mwakani. Lakini alikuwa amekodi mashine ya kupandikiza, nayo ingefika kesho yake.

Koplo hakuipenda habari hiyo. Alidai kwamba mashine haina huruma, itaididimiza miche mpaka iote upande wa pili wa dunia. Fundi akaitetea: ile ni cherehani tu inayoshona matope, na mistari yake itanyooka kama mshono wa suruali. Koplo akasema mistari ikinyooka hivyo, ndege watapanga foleni, kila mmoja na mstari wake.

— Na wewe utawagawia namba, alisema Fundi.

— Nitawagawia. Kuna kitu nilichowahi kulinda kikapotea?

— Ghala lilikuwa tupu, ndugu yangu.

Tulikuwa bado tunacheka alipokuja mama mmoja wa makamo, viatu vya mpira miguuni, akimuulizia Majaruba. Ndiye dereva wa mashine. Alitaka kuliona shamba mapema. Tukamsogezea nafasi na kikombe cha kahawa.

— Trei za miche umeziweka wapi, mzee wangu?

— Trei za nini, mwanangu? Miche yangu iko kitaluni. Ina mwezi mzima, imefika gotini. Nimeitunza hasa.

Yule mama akaweka kikombe chini. Alieleza taratibu, bila kumwaibisha mtu, kwamba mashine hushika miche mifupi ya wiki mbili, iliyooteshwa kwenye trei hadi mizizi ikashikana kama kipande cha mkeka. Ile ya kung'oa kitaluni ingenasa na kukatika. Fundi akauliza kama haiwezi kupunguzwa kwa mkasi. Akajibiwa kwamba tatizo ni mizizi. Na kuotesha mingine ni wiki mbili.

Majaruba aliweka mikono juu ya magoti.

— Basi ipandwe kwa mkono, alisema yule mama. Mimi mwenyewe nitaingia. Ninyi hapa mko wangapi?

Majaruba naye akatugeukia, akingoja jibu. Fundi aliinamia cherehani, akaanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha tungwa. Koplo akatazama barabara. Nami nikainua kikombe changu, nikanywa, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha zamani.