Mzee Pontien na Jina Lililokuwa Nyuma ya Karatasi

Jina la Clarence Tibbs, mpishi wa meli, litawekwa kwenye ukuta wetu wa mabaharia Ijumaa, tarehe 22 Mei 2026. Lydiah Kariuki, mkuu wa kumbukumbu, alithibitisha hayo Jumatatu iliyopita. Wiki moja baadaye, tarehe 29, Pontien Ndayizeye, aliyelipigania jina hilo tangu mwaka 2015, atastaafu. Ameyasafisha na kuyalinda makumbusho haya ya Houston kwa miaka kumi na saba.

Pontien alizaliwa Gitega, Burundi, mbali na bahari, na hajawahi kuonyesha haja ya kuisogelea. Siku moja wenzake walimshawishi apande boti ya makumbusho. Alivaa jaketi la kuokolea maisha akiwa bado kwenye maegesho ya magari, akatembea hadi ukingoni, akaitazama boti, akarudi kupiga deki.

Kazi aliyoipenda ni ukuta wenye vibao arobaini na kimoja vya shaba, kila kibao na jina la baharia wa Alder Grove. Meli hiyo ya mizigo ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani mwaka 1942, ikiwa kwenye msafara wa Atlantiki. Hawakuwa wanajeshi, walikuwa wamebeba unga na mafuta. Kila asubuhi Pontien alimwambia kila mmoja "Mwaramutse", salamu ya asubuhi ya Kirundi, kwa jina lake, kabla ya kumpaka dawa ya kung'arisha. Alisema mtu hapanguswi uso kabla ya kusalimiwa. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Novemba 2015 aliyapeleka majina yote kwenye misa ya Kiswahili ya kuwaombea marehemu. Padri aliyasoma yote arobaini na moja. Wali wa baada ya misa ulipoa. Orodha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la parokia, na kabla ya jioni Whitney Wacuka, muuguzi Mkenya katika nyumba ya wazee huko Garland, akajibu: "Father, huyu Walter Pruitt mnayemzika ni patient wangu. Nimempa uji sasa hivi, ana-complain hauna sukari."

Pontien alipanda basi hadi Garland kumwomba radhi. Walter, mwenye miaka 94, alicheka mpaka Whitney akamletea mashine ya presha. Kisha akaeleza. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa Alder Grove, lakini saa ya kung'oa nanga tumbo lilimshika, akashushwa. Clarence Tibbs wa Galveston akapanda badala yake, akazama na meli. Orodha ya mabaharia ikabaki na jina la Walter.

"Nitoe pale," alimwambia Pontien. "Mweke mwenye kifo chake."

Pontien akaahidi. Makumbusho yakataka ushahidi wa maandishi, si maneno ya mtu ambaye, kwa kumbukumbu zetu, alikuwa amekufa tangu 1942. Walter alifariki mwaka 2018, jina lake likiwa bado ukutani. Safari hii padri alilisoma baada ya Whitney kuthibitisha. Pontien aliendelea kumsalimia Clarence kila asubuhi, kwenye sehemu tupu pembeni mwa ukuta.

Januari mwaka huu alimuuliza Lydiah kama kuna mtu aliyewahi kugeuza orodha ya meli. Hakuna. Sisi tulikuwa na nakala ya upande wa mbele tu, na kwa miaka yote hiyo tuliikagua kwa makini sana. Pontien alieleza kwamba kambini Tanzania, alikoishi kama mkimbizi, waliofika wamechelewa waliandikwa nyuma ya karatasi, na mgawaji wa chakula aliyesahau kuigeuza aliwalaza njaa. Lydiah aliendesha gari hadi Fort Worth, ilikohifadhiwa karatasi yenyewe. Ikageuzwa. Nyuma, kwa penseli, ilisomeka: Tibbs, mpishi, badala ya Pruitt.

Mzee Pontien, asante kwa kutusalimia wote, walio hai na walio ukutani. Tunakuombea asubuhi ndefu nyumbani Stafford, bila shaba ya kusugua.

Ijumaa hiyo ya tarehe 22, saa nne asubuhi, Pontien atafungua skrubu za kibao cha Walter na kukaza za kibao cha Clarence. Saa tano boti itaondoka kwenda kuweka shada la maua majini. Amekubali kupanda, kwa sharti moja: kwenye orodha ya abiria, jina lake liandikwe upande wa mbele.